KONDOO DUME NA KALENDA YAKE

Katika shule yetu wako wanafunzi wengi ambao kwao ni wafugaji. Mtu akiuliza bwenini ni nani mwenye ng'ombe nyumbani, mikono mingi huinuka. Akiuliza habari za kondoo, watu hucheka. Kondoo hudhaniwa kuwa ni mnyama asiyetaka akili nyingi: hufunguliwa asubuhi, hurudi jioni, na siku ya haja huchinjwa. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka Juni 2023, nilipokuwa Kidato cha Pili. Makala haya ni habari ya jambo nililojifunza tangu siku zile, yaani namna ya kumtawala kondoo dume ili wana-kondoo wazaliwe wakati tunaoutaka sisi, si wakati autakao yeye. Nimewaandikia hasa wale ambao kwao wana kondoo wachache, watano au kumi au ishirini, maana watu wenye mamia ya kondoo wana wataalamu wa kuwashauri.

HASARA YA JUNI

Kwetu ni juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru, si mbali na msitu. Wenzangu wanaotoka huko wanaijua baridi yake. Mlima ule una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na kuanzia Juni hata Agosti ukungu hushuka ukakaa juu ya mashamba ya mahindi na migomba mpaka karibu adhuhuri. Nyasi huwa na maji asubuhi nzima, na zizi halikauki.

Mwaka ule tulikuwa na kondoo majike tisa na dume mmoja. Nilipofika nyumbani kwa likizo nilikuta wana-kondoo wawili, na katika majuma mawili yaliyofuata wakazaliwa wengine wanne. Jumla wakawa sita. Nilipofunga sanduku langu ili nirudi shuleni, waliobaki hai walikuwa wawili tu. Mmoja tulimkuta alfajiri amelala katika matope, amekwisha kuwa baridi. Wa pili mama yake hakuwa na maziwa. Wa tatu bibi alimweka karibu na mafiga usiku kucha, lakini asubuhi alikuwa amekufa. Wa nne alikohoa siku tano, kisha naye akafa.

Mtu wa mjini aweza kusema, wana-kondoo wanne ni kitu gani? Nitamjibu. Karo katika sekondari za serikali iliondolewa mwaka 2016, lakini nauli, viatu, godoro, sabuni na madaftari bado vyatoka mfukoni mwa mzazi, na mfuko wa babu yangu ni lile zizi. Tena kwa desturi yetu mafuta ya kondoo ni chakula cha mama aliyejifungua, na nyumba isiyokuwa na kondoo siku hiyo huona aibu. Basi wale wanne walikuwa viatu vyangu, nauli ya mdogo wangu, na heshima ya bibi.

Babu hakunigombeza. Alisema neno moja tu, nalo limenikaa moyoni mpaka leo: "Mjukuu wangu, tangu mlipokwenda shule wote, zizi hili halina mtu." Nikaona ya kuwa kama shule imemnyima babu mchungaji, haikosi hiyo shule yenyewe impe kitu kingine badala yake. Niliporudi nilimwuliza mwalimu wetu wa Baiolojia, nikasoma vitabu vilivyomo maktabani, na kidogo kidogo nikaelewa kosa letu lilikuwa wapi.

KOSA LILIKUWA WAPI

Kosa halikuwa katika mwezi wa Juni. Lilikuwa katika mwezi wa Januari. Kondoo huchukua mimba kwa muda wa miezi mitano hivi. Wana-kondoo wa Juni walitungwa Januari, wakati majike yalipokuwa yamenona kwa majani ya vuli, na dume alikuwa palepale zizini kama alivyokuwa siku zote za mwaka. Hakuna mtu aliyemwagiza, na hakuna aliyemzuia.

Hapa kuna jambo la Jiografia ambalo yafaa tulifahamu. Katika nchi za mbali na Ikweta, kama Uingereza, kondoo wengi hawapandwi mwaka mzima. Miili yao hungoja siku zianze kuwa fupi, ndipo majike huingia katika joto. Kwa hiyo wana-kondoo huzaliwa baridi inapokwisha na majani yanapochipua. Jua limemfanyia mwenye kondoo mpango wake. Lakini Arusha iko kama nyuzi tatu na kitu tu kusini ya Ikweta. Siku zetu karibu zinalingana mwaka mzima, na kondoo wetu aweza kushika mimba mwezi wo wote. Jua halitupangii. Hapana budi mwenye kondoo apange mwenyewe, na asipopanga, dume ndiye atakayempangia.

MAMBO MATATU YA KUJUA KWANZA

Kwanza, kondoo jike asiye na mimba huingia katika joto kila baada ya siku 17 hivi, na joto lenyewe hukaa siku moja au moja na nusu. Dume akikaa na majike siku 34, kila jike atakuwa amepata nafasi mbili. Hayo yatosha. Jike asiyeshika mimba katika nafasi mbili ana sababu yake, na yapasa atazamwe.

Pili, mimba ya kondoo ni siku 147 hata 152. Kwa hesabu rahisi sisi huchukua siku 150.

Tatu, mbegu za dume huchukua muda wa majuma saba hivi kutengenezwa mwilini mwake. Kwa hiyo dume aliyeugua homa leo aweza kuwa mzima kwa macho mwezi ujao, na bado asiweze kuzalisha vizuri. Na dume akikonda, haifai kumlisha juma lile la kupanda. Alishwe miezi miwili kabla yake.

HESABU YA SIKU 150

Nilichukua kalenda nikahesabu siku 150 kutoka mwanzo wa mwezi mmoja mmoja. Haya ndiyo niliyoyapata, pamoja na hali ya hewa ya kwetu mlimani:

Dume akiingia 1 Januari, mzao huanza 31 Mei. Baridi na ukungu vinakaribia. Hapa ndipo tulipoumia.

Akiingia 1 Machi, mzao huanza 29 Julai. Baridi ni kali na majani yanapungua.

Akiingia 1 Mei, mzao huanza 28 Septemba. Ni kiangazi, na mama hana maziwa ya kutosha.

Akiingia 1 Julai, mzao huanza 28 Novemba. Mvua za vuli kwa kawaida zimekwisha kuanza, na majani mapya yanatoka.

Akiingia 1 Septemba, mzao huanza 29 Januari. Majani ya vuli yanakwisha na jua ni kali.

Akiingia 1 Novemba, mzao huanza 31 Machi. Majani ni mengi, lakini masika imeleta matope na minyoo.

Kwetu sisi mwezi wa Julai ulishinda miezi mingine yote. Majike hutoka katika masika wakiwa wamenona. Tena Julai na Agosti ndiyo miezi ya kuvuna mahindi na maharage, kwa hiyo kuna mabua na maganda ya maharage ya kuwapa. Jike anayepata chakula kizuri wakati wa kupandwa hushika mimba upesi. Na sababu ya mwisho ni yangu mwenyewe: wana-kondoo wa Desemba huzaliwa wakati wa likizo, sisi wanafunzi tukiwa nyumbani. Zizi linapata mtu.

Lakini msiichukue tarehe yangu kama dawa ya kila mahali. Mtu wa Ngarenanyuki, upande mkavu wa mlima, hana ukungu wetu, ila ukame kwake ni adui mkubwa zaidi. Mtu wa tambarare za Kisongo au Monduli naye ana hesabu yake. Kila mmoja ajiulize, "Ni majuma gani sita katika mwaka ambayo kwetu kuna majani mabichi na pakavu pa kulala?" Akiisha kuyapata, ahesabu siku 150 kurudi nyuma. Hapo ndipo dume aingie.

NAMNA YA KUMZUIA DUME

Kupanga ni rahisi. Kumzuia dume miezi kumi na moja ndiyo kazi. Nilipofika nyumbani Desemba 2023 nilimweleza babu mpango wangu wote, nikajenga hoja zangu kama mtu aliye katika mdahalo. Nikamwambia kwamba nimesoma habari ya kipande cha ngozi ambacho dume hufungwa chini ya tumbo, kikaning'inia mbele ya uume wake, hata akimpanda jike asiweze kumfikia. Babu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka sana.

"Hiyo umeisoma?" akauliza. "Baba yangu alikuwa akiwafunga madume hivyo kabla sijatahiriwa. Wamasai wa tambarare wanafanya mpaka leo."

Nikamwuliza, "Sasa babu, mbona sisi tuliacha?"

Akasema ya kuwa waliacha kundi lilipokuwa dogo. Zamani kondoo walikuwa wengi, na layoni walikuwapo wa kuwaangalia kutwa, mtu akaona faida ya kuwapanga. Mashamba yalipogawanywa kwa watoto na wajukuu, kondoo wakabaki saba au nane wa kufungwa kwa kamba kando ya njia, na watu wakadhani kwamba kundi dogo halihitaji sheria. Nami nasema kinyume chake. Mtu mwenye kondoo mia akifiwa na wanne amepoteza kidogo. Mtu mwenye tisa akifiwa na wanne amepoteza mwaka mzima.

Basi kuna njia nne za kumtawala dume, na mtu achague iliyo rahisi kwake.

Ya kwanza ni zizi lake peke yake. Ni njia nzuri, lakini yataka mbao imara na chakula cha kuletewa. Dume apewe mwenzi, hata kondoo aliyehasiwa, maana kondoo akikaa peke yake hupiga kelele na kuvunja ua.

Ya pili ni hiyo ngozi. Babu aliikata katika ngozi kuukuu ya ng'ombe, akaifunga kwa mikanda miwili juu ya mgongo. Yapasa kuitazama kila siku, maana mikanda hulegea, na mkojo ukikaa chini yake huleta vidonda. Kila juma ifunguliwe, ioshwe, ianikwe, na dume awekwe mbali wakati ule.

Ya tatu ni kuhasi madume yasiyohitajiwa. Dume mdogo aweza kuzalisha akiwa na miezi mitano au sita tu, na wengi husahau hili. Wamefunga dume mkubwa, na mtoto wake anayafanya yale yale nyuma ya nyumba! Madume wadogo watengwe kabla ya miezi minne, au mwiteni Bwana Mifugo awahasi mapema. Kazi hiyo ataka mtu aliyefundishwa, maana kidonda kichafu huleta pepopunda.

Ya nne ni kushirikiana. Dume mzima aweza kuhudumia majike thelathini au zaidi. Dume wa mwaka mmoja apewe kama kumi na tano hivi. Nyumba yenye majike tisa haina haja ya dume wake peke yake. Nyumba nne jirani zikikubaliana, dume mmoja mzuri huwatosha wote, nao hugawana gharama ya kumlisha. Faida nyingine ni hii: kama dume wa jirani anatembea ovyo, mpango wako wote ni bure. Hapana budi kuzungumza na jirani kwanza.

DUME NA BINTI ZAKE

Sasa nitataja jambo lililokuwa gumu kumwambia babu. Dume wetu wa zamani alikuwa mzuri wa sura, na babu alimpenda. Lakini tulipokaa chini tukahesabu, tuliona kwamba amekaa kwetu miaka minne, na kwamba majike watatu kati ya tisa walikuwa binti zake mwenyewe. Alikuwa akiwapanda.

Wenzangu wa Kidato cha Nne tunasoma habari za urithi mwaka huu. Kila mtoto hupokea nusu ya jeni kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Dume akimzalisha binti yake, yule mtoto ana nafasi moja katika nne, kwa kila jozi ya jeni, ya kupata nakala mbili za jeni ile ile moja. Kama jeni hiyo ina kasoro iliyokuwa imefichwa, sasa hujitokeza. Aghalabu watoto wa namna hiyo huzaliwa wadogo na dhaifu, nao hushindwa na baridi upesi kuliko wenzao. Siwezi kusema kwamba wale wanne walikufa kwa sababu hiyo. Lakini wawili kati yao mama zao walikuwa binti za dume yule.

Kanuni yake ni nyepesi. Dume atumike misimu miwili tu katika kundi dogo. Katika msimu wa pili binti zake wa kwanza watengwe naye, kisha kabla ya msimu wa tatu abadilishwe. Si lazima kumwuza. Sisi tulibadilishana na mjomba wangu wa Oldonyo Sambu, dume kwa dume, pasipo kutoa hata senti.

Babu mwenyewe ndiye aliyechagua. Mimi nilitazama yale niliyoyasoma: meno yakutane vizuri na ufizi, miguu isiwe na kilema, macho yawe safi, korodani ziwe mbili, zinazolingana, ngumu kiasi, zisizo na uvimbe. Babu alitazama hayo yote, kisha akaomba aonyeshwe mama wa dume. Akasema, "Dume ni mama yake." Alitaka kuona kama mama ana kiwele kizuri na kama amekuza watoto wake. Vitabuni nilikuwa sijaliona jambo hilo likisemwa kwa maneno machache namna ile.

Mjomba alikuwa pia na dume wa Dorper, aina kubwa iliyopatikana Afrika Kusini kwa kuchanganya Dorset Horn na Blackhead Persian. Mimi nilimtamani kwa unene wake. Lakini tulimchukua dume mwekundu wa Kimasai. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao yake Nairobi, ililinganisha aina hizo mbili huko pwani ya Kenya katika miaka ya 1990, ikaonekana kwamba kondoo mwekundu wa Kimasai huwastahimili minyoo wanyonyao damu vizuri zaidi kuliko Dorper. Mahali penye unyevu kama kwetu, na pesa za dawa zikiwa haba, sifa hiyo ina thamani kuliko kilo chache za nyama.

MWAKA WA MAJARIBIO

Dume mpya aliingia zizini akiwa amefungwa ngozi yake. Majike waliokuwa na mimba za zamani walizaa huku na huku mpaka Mei 2024, wa mwisho katikati ya mwezi huo. Niliandika tarehe yetu katika kalenda ya ukutani, 4 Julai 2024, nikaizungushia duara. Kisha shule ikafunguliwa nikaondoka. Kwa kuwa bwenini haturuhusiwi simu, sikujua kama babu atakumbuka.

Nilikuwa pia nimemwagiza mdogo wangu kumpaka dume kifuani udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, kama ule wa morani, ili kila jike aliyepandwa apate alama mgongoni. Jamani, nilisahau ya kuwa kondoo wetu wenyewe ni wekundu! Alama haikuonekana hata kidogo. Mdogo wangu, aliye darasa la sita, alibuni mwenyewe kutumia masizi ya sufuria na mafuta ya kupikia, na hayo yakaonekana vizuri.

Niliporudi Desemba nilikwenda moja kwa moja penye kalenda. Babu hajui kuandika. Lakini kuanzia tarehe 4 Julai mpaka 7 Agosti kulikuwa na vistari vya makaa, kistari kimoja kwa kila jike aliyeonekana na masizi, katika siku yake. Vilikuwa tisa, na viwili vilirudiwa baada ya siku 17, kuonyesha jike waliorudi katika joto. Hapo nikaweza kuhesabu siku ya kuzaa ya kila mmoja.

Mzao ulianza 29 Novemba na kwisha 27 Desemba. Majike wanane kati ya tisa walizaa, mmoja akazaa pacha. Jumla wana-kondoo tisa. Mmoja wa wale pacha alikufa siku ya pili. Wanane wako hai. Jike aliyekosa mimba ni yule aliyezaa katikati ya Mei: wakati dume alipoingia alikuwa bado ananyonyesha, naye alikuwa amekonda. Hilo halikuwa kosa lake, ni matokeo ya mwaka usiopangwa.

KAZI YA KABLA NA BAADA YA KUZAA

Mtu asidhani kwamba tarehe peke yake yatosha. Mtoto aliye tumboni hukua zaidi katika majuma sita ya mwisho. Kwa mzao wa Desemba, majuma hayo huanza katikati ya Oktoba, wakati malisho ni makavu kabisa. Kwa hiyo mabua na maganda ya maharage ya Julai yahifadhiwe juu, pasiponyeshewa, na kila jike apewe pumba kidogo jioni pamoja na chumvi ya mifugo. Mgomba uliokatwakatwa una maji mengi na nguvu kidogo. Ni msaada, si chakula kamili. Vuli nayo huchelewa miaka mingine, basi akiba isiishe yote kabla ya Desemba.

Siku ya kuzaa, zizi liwe kavu na lenye nyasi kavu chini. Kitovu kipakwe ayodini mara moja. Mtoto anyonye dang'a katika saa moja au mbili za kwanza, maana dang'a ndiyo kinga yake. Mtoto aliyepoa apashwe moto kwanza, ndipo anyonyeshwe. Bibi alitufundisha hilo, na kitabu kinakubaliana naye.

Mpango wetu una upungufu mmoja, nami sitauficha. Wana-kondoo wa Desemba huwa na miezi minne au mitano masika inapokolea, na huo ndio wakati wa minyoo. Kila juma tulifunua kope zao za chini. Kope nyekundu ni dalili ya damu nzuri. Kope nyeupe yamaanisha mnyoo anakunywa damu, na mnyama huyo apewe dawa. Katika wanane, wawili walihitaji dawa.

FAIDA ILIYOPATIKANA

Sikukuu ya Idi el-Haj mwaka huu wa 2025 iliangukia mwanzoni mwa Juni. Kwa udhia, wanazuoni wengi hukubali kondoo aliyetimiza miezi sita na kunawiri. Wanunuzi kutoka mjini walipokuja Ngaramtoni waliuliza umri, na wauzaji wengi walikisia. Mdogo wangu aliwaonyesha daftari: huyu 29 Novemba, huyu 1 Desemba. Madume wawili waliuzwa siku ile ile. Nimevaa viatu hivyo ninapoandika makala haya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbe mali yenye daftari huuzika bila maneno mengi. Mtu akumbuke tu kwamba Idi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, hivyo hesabu ya mwaka mmoja haifai mwaka wa pili bila kusahihishwa.

Dume amefunguliwa ngozi tena Julai mwaka huu, na binti zake watatu wametengwa. Mtihani wa Taifa ni Novemba. Nikijaliwa, nitaweka kalamu chini na kufika nyumbani kabla ya mwana-kondoo wa kwanza. Babu ameniletea salamu kwa mtu kwamba vistari vya makaa viko ukutani, na kwamba safari hii yeye ndiye aliyenunua kalenda.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Jike amepandwa tarehe 10 Agosti. Je, atazaa karibu na tarehe gani?

2. Kwenu ni majuma gani yaliyo mazuri kwa mtoto kuzaliwa, na dume aingie lini?

3. Dume alianza kuzalisha Julai 2024. Kwa nini yapasa aondoke kabla ya Julai 2026?

4. Nenda kwenu likizo ijayo, umwulize mzee mmoja namna walivyomzuia dume zamani. Jibu lake liandike katika daftari kabla ya kulileta darasani.